Swali la lugha: asidi ya ganda la korosho ina "shughuli" gani?

Kuna binti kaniandikia kutoka Newala, anasoma kemia chuoni. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Naandika taarifa yangu ya utafiti kwa Kiswahili ili na wabanguaji wa kikundi cha mama waisome. Inahusu asidi iliyomo kwenye maganda ya korosho, jinsi ya kuitoa na jinsi inavyoua bakteria. Kichwa nimeandika 'Uziduaji na shughuli za kibiolojia za utomvu wa korosho'. Mama kasoma akacheka sana, hajaniambia kwa nini. Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Mama kacheka kwa sababu ya hilo neno shughuli, naweza kuapa. Huku kwetu ukitaja shughuli mtu anasikia ngoma, wali nyama, mwali anatolewa ndani, sare zishashonwa, sasa unapomwambia utomvu wa korosho una shughuli zake za kibiolojia lazima aulize mchango ni shilingi ngapi. Vitabuni neno hilo lipo, sikatai, ila limebebwa zima zima kutoka "activity" ya Kiingereza bila kuulizwa linakwenda kukaa na nani. Sisi dawa inayofanya kazi tunasema ina makali, ikikaa muda mrefu tunasema imepoteza makali, basi andika makali ya asidi hii dhidi ya bakteria, imetosha.

Na uzuri wa makali ni kwamba msomaji atauliza papo hapo, makali kwa nani? Hapo ndo unalazimika kusema ukweli, kwamba asidi ya anakadiki, ndiyo hiyo yako ya ganda la korosho, inawaweza bakteria kama stafilokokasi, wale wa majipu na vidonda, na streptokokasi wanaotoboa meno, lakini kwa bakteria ikoli (E. coli) wa tumboni haifui dafu. Konokono wanaobeba kichocho nao inawaua. Ukisema tu "shughuli za kibiolojia" yote hayo umeyatia kapu moja ukafunga. Ila chunga kitu kimoja, hizo ni habari za maabara, kwa hiyo andika inaua au inazuia wasizaane, usiandike inatibu. Kutibu kunataka mgonjwa aliyepona, na mimi sitaki nisikie mtu Newala kasoma taarifa yako akasukutua meno kwa maji ya ganda la korosho, atababuka mdomo mzima, maana asidi hii na wenzake inaokaa nao gandani, kadoli na kadanoli, ndo hao hao wanaobabua mikono ya wabanguaji mpaka wanajipaka majivu.

Utomvu sasa. Utomvu ni wa mti, ukichanja mpapai au mfenesi unatoka wenyewe. Hiki cha korosho hakitoki mpaka uvunje ganda, kimejificha kwenye vijumba vidogo kama sega la nyuki, kati ya tabaka la nje na la ndani. Watu wanakiita utomvu kwa kuwa kinanata na kinaacha weusi, na kwa mazungumzo ya kibarazani sina ugomvi, lakini kwenye maandishi weka mafuta ya maganda ya korosho. Na tafadhali usije ukakata neno maganda kwa kuona jina refu! Mafuta ya korosho ni mengine kabisa, yanatoka kwenye kiini na yanaliwa, neno moja likidondoka hapo mtu atakaangia mihogo. (Shida ya ganda lenyewe ni kwamba tunalitumia mara mbili, lile gumu linalobanguliwa na lile jepesi jekundu linalomenywa baadaye, wakati nazi imepewa kumbi na kifuu, kila kitu na jina lake. Korosho tumeilima miaka yote hii tukaibania majina. We sema ganda gumu mara ya kwanza, baada ya hapo ganda tu.)

Uziduaji, yaani kutoa kitu kilichomo ndani ya kingine, ni neno halali, wanakemia wanalitumia, lakini mtu wa Mtwara keshalisikia redioni kwenye "sekta ya uziduaji", yaani madini na gesi, ukimwambia uziduaji wa mafuta akili yake inakwenda Msimbati kwenye visima vya gesi. Na hata tukiliacha hilo, neno lenyewe halisemi umefanyaje, na kwenye hii kazi yako namna ya kutoa ndo habari yenyewe. Ukichoma au kukaanga maganda, moto unaitoa asidi ile kabonidayoksaidi, inageuka kuwa kadanoli, kitu cha kutengenezea rangi na breki za magari. Sasa mtu akiandika "tulizidua asidi ya anakadiki kwenye maganda yaliyokaangwa" mimi namuuliza, asidi ipi tena na wewe umeshaichoma? Kwa hiyo vitenzi vyako viwe vya jikoni, havina aibu. Kama ulitumia mashine ya kubana kama ya alizeti, ulikamua. Kama ulisaga maganda mabichi ukayaweka kwenye asetoni au hekseni bila moto, uliloweka, ukachuja, ukakiacha kiyeyushi, yaani hiyo asetoni au hekseni, kiruke. Halafu ile hatua ya kutia chokaa kwenye mafuta, asidi inashikana na kalsiamu inakuwa chumvi inayotuama chini, kadoli na kadanoli zinabaki juu, unachuja tena, hiyo chumvi unaitia asidi ya haidrokloriki, asidi yako ya anakadiki inaachiwa: hapo ndo sema umetenga, maana kutoa mafuta na kuitenga asidi ndani ya mafuta ni kazi mbili, na wengi wanaziandika kama moja.

Asidi ya anakadiki au asidi anakadiki? Zote utazikuta, mi naweka "ya" kwa sababu inasomeka vizuri kwa sauti, chagua moja usibadilishe katikati.

Kichwa chako basi: "Kutenga asidi ya anakadiki kutoka mafuta ya maganda ya korosho, na makali yake dhidi ya bakteria". Msomee mama. Akicheka tena niandikie, nataka kujua kacheka neno gani.