Maswali na majibu: Nataka kuwa mtafiti wa mawasiliano ya afya, nianzie wapi?

Wengi mmeuliza kuhusu kazi ya uhadhiri na utafiti katika mawasiliano ya afya na mabadiliko ya tabia. Leo ninajibu maswali matano.

Mimi ni muuguzi, Iringa, nina shahada ya kwanza. Je, lazima nikasomee uandishi wa habari kwanza?

Hapana. Watu huingia fani hii wakitokea afya ya jamii, saikolojia, sosholojia au mawasiliano ya umma. Wewe tayari una kitu ambacho mwandishi wa habari hukitafuta kwa shida: umemwona mama akiitikia kila ushauri kliniki, kisha akarudi mwezi unaofuata hajabadili chochote. Kujua kwa nini ndiyo kazi yetu. Soma uzamili wa afya ya jamii, Muhimbili (MUHAS) au kwingineko, na tasnifu yako ihusu tabia moja tu, siyo "uelewa wa wananchi kuhusu afya". Ila tazama GPA yako (wastani wa alama zako) mapema. Vyuo vikuu vya umma Tanzania vinapotangaza nafasi za wahadhiri wachanga, kwa kawaida hutaka isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili.

Niko uzamili, Nairobi. Msimamizi anataka nichague nadharia kabla ya kwenda uwanjani. Ana haki?

Nusu. Nadharia zisome, na ujue kila moja ilizaliwa kujibu nini. Ile ya imani za kiafya ilianza Marekani miaka ya 1950, watumishi wa afya ya umma walipotaka kujua kwa nini watu hawajitokezi kupigwa picha za kifua kupima kifua kikuu. Modeli ya COM-B, iliyochapishwa mwaka 2011, inakutaka uulize mambo matatu: je, mtu ana uwezo, ana fursa, ana msukumo? Lakini usiifunge hojaji yako kabla hujakaa na watu.

Soma tafiti zilizofanyika Bagamoyo miaka ya 1990. Watafiti waligundua kwamba wazazi wengi waliitofautisha kabisa malaria na degedege. Malaria ilikuwa homa ya kawaida ya kutibiwa zahanati. Degedege ilikuwa jambo jingine, la kupelekwa kwa mganga kwanza, na wapo walioogopa kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Sasa fikiria bango la "Malaria inaua, wahi hospitali". Mama huyo analisoma, analikubali, na bado anakwenda kwa mganga, kwa sababu kwake mtoto hana malaria. Hakuna nadharia ambayo ingekuambia hivyo ukiwa maktaba. Mwombe msimamizi wako akuruhusu ufanye mahojiano machache ya awali, kisha mchague nadharia pamoja.

Nafanya kazi redioni, Dodoma. Mtafiti anathibitishaje kwamba kipindi kimebadilisha watu, na siyo mambo mengine?

Umeuliza ukiwa mahali penyewe. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wakubwa mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori. Dodoma haikuupata hadi mwaka 1995, kwani kituo chake kilirusha vipindi vya kwake muda huo. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, msomi wa mawasiliano wa Marekani, waliifanya Dodoma eneo la kulinganishia: wakawahoji watu huko na kwingine mwaka hadi mwaka, na wakakusanya takwimu za kliniki za uzazi wa mpango. Mchezo ulipoanza kusikika Dodoma pia, mabadiliko yaliyokuwa yameonekana kwingine yakaanza kuonekana huko.

Nauheshimu sana utafiti ule, ingawa eneo moja la kulinganishia ni msingi mwembamba na Dodoma haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Nguvu yake ni kwamba haukuishia kuuliza "mlisikia?" na "mlipenda?" Uliuliza watu walifanya nini. Tasnifu nyingi ninazosoma bado zinapima ufahamu, kisha zinaandika "mabadiliko ya tabia" kwenye jalada. Ukiingia fani hii, usikubali hilo hata kwenye utafiti mdogo.

Baada ya Marekani kusimamisha misaada mwaka 2025, je, kazi bado zipo?

Zimepungua, na inaumiza. Miradi mingi ya uhamasishaji ilitegemea fedha za USAID, na vijana wenye ujuzi mkubwa walibaki bila ajira. Kwa hiyo usijijenge juu ya mradi mmoja wala ugonjwa mmoja. Jifunze takwimu vizuri, jifunze mahojiano na majadiliano ya vikundi vizuri vilevile. Mwenye vyote viwili huhitajika kwenye chanjo, lishe, shinikizo la damu, hata usalama barabarani. Jifunze pia bei za vitu. Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004, ilimpa mjamzito punguzo la chandarua kupitia kliniki, maana ujumbe peke yake haulipi dukani. Mtafiti anayeweza kuiambia wizara "hapa tatizo ni bei, msichapishe mabango" anaiokolea fedha.

Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Makala za kupandia cheo, Kiingereza, kwa sababu majarida yanayohesabiwa mengi ni ya lugha hiyo. Hojaji na mahojiano, Kiswahili au lugha ya wenyeji tangu mwanzo. Na matokeo yarudishwe kijijini kwa mkutano ambao watu wanaweza kukubishia. Gharama za mkutano huo ziingize kwenye bajeti siku unapoandika andiko la kuomba fedha, pamoja na nauli na chai. Ukingoja hadi mwisho, fedha zitakuwa zimekwisha.