Dada Yangu, Binti Yako Anaweza Mafumbo

Wiki hii mama mmoja kaniandikia kuhusu binti yake wa kidato cha pili. Ukimpa 7x = 21 anakujibu papo hapo: tatu. Ukimpa fumbo lenye shamba, maembe na nauli, anaacha karatasi nyeupe. Mama anauliza kama amwachishe sayansi, achukue masomo ya sanaa.

Usimwachishe, dada yangu. Binti huyo nilikuwa mimi. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa akasema mafumbo yanataka kichwa, nami kichwa sina. Leo nafundisha hesabu hizo hizo, wanafunzi wangu wanafaulu, na bado maneno yale yakinijia yananichoma.

Aliyenifungua macho ni babu mzaa mama. Majirani walikuwa wakimwita awagawie mirathi. Alinikalisha barazani, akageuza karatasi ya kalenda iliyopitwa na wakati, akasema: "Marehemu, baada ya mazishi na madeni, kaacha milioni 24. Wazazi wake walishatangulia. Ana mke, vijana wawili wa kiume na mabinti watatu. Gawa."

Nikataka kuandika x. Akanizuia. "Kwanza niambie nani anapata nini."

Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mke hapa hupata thumuni, yaani moja ya nane: milioni 3. Zimebaki 21. Kijana hupata mara mbili ya binti. Babu akachora vistari kwa penseli: kila binti kimoja, kila kijana viwili. Nikavihesabu, saba. Kumbe ni ile ile 7x = 21! Binti milioni 3, kijana milioni 6.

Ndugu msomaji, usiandike x kabla hujajua x ni nini. Kila muhula naona mwanafunzi kaandika "x ni mabinti". Mabinti ni watatu, fumbo limeshakwambia. Unachotafuta ni fungu la binti mmoja kwa shilingi. Andika sentensi nzima. Nasema tena, sentensi nzima. Jibu likipatikana, lirudishe kwenye fumbo: 3 za mke, 12 za vijana, 9 za mabinti, jumla 24.

Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa zamani, alipoandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad karne ya 9, sehemu kubwa aliitenga kwa mirathi. Aliwaandikia watu wenye mali za kugawana na biashara za kuendesha. Babu hakuwahi kumsoma, lakini kazi yao ilikuwa moja.

Halafu kuna lugha. Katika shule nyingi za Tanzania, fumbo la darasa la saba ni la Kiswahili, la kidato cha kwanza ni la Kiingereza. Mtoto anakwama kwenye sentensi, nasi tunasema hesabu zimemshinda. Mwambie binti akusimulie fumbo kwa Kiswahili, kwa mdomo, ndipo ashike kalamu.

Nanyi walimu wenzangu, tumwogope Mungu. Mtoto akikosa, muulize ameelewa nini kwenye swali, msikilize mpaka amalize, kisha umrekebishe. Na kama ni lazima umkaripie, usimkaripie mbele ya wenzake.