Laptopu ya Dubai imeharibika, waranti inafanya kazi huku Unguja?

Shoga, hiyo laptopu aliyokuletea mumeo Dubai, miezi mine tu kioo kishaanza mistari, usiikimbize kwa fundi Darajani, maana akishaifungua wenyewe kampuni wanaweza kukwambia waranti basi tena. Igeuze chini utaona kikaratasi cha siriali namba, kipige picha, halafu ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza uiandike hiyo namba, utaona waranti imebaki mpaka lini. Kisha waulize kama inakubalika nje ya nchi iliyouziwa. Laptopu nyingine waranti yake ni dunia nzima ingawa itabidi uvuke Dar kwa wakala wao, simu ndo mtihani, nyingi zinatengenezwa bure kule kule zilikouzwa tu. Na kama iliwahi kuanguka useme ukweli, hilo waranti ya kawaida hailipi.

Mie yalinikuta na simu, nimeinunua Deira kule kule Dubai mwenyewe, risiti ile ya karatasi laini nkaitia kwenye pochi na joto letu hili, kuja kuitoa imefutika nyeupe pee, na kumbe waranti yenyewe ilikuwa ya dukani si ya kampuni. Nkalipa mfukoni mwangu. Risiti yako ipige picha leo leo, mwambie na mumeo aitafute.

Ikibidi irudi Dubai mpe msafiri unomuamini, aibebe mkononi asiitie begi la chini kwa ajili ya betri, na ufute picha zako kwanza shoga yangu 😅