Hela zinaonekana kwenye salio, je, nimkabidhi gari?

Mnunuzi alinipa hundi Jumatatu, nikaipeleka benki. Jumanne nimeona hela kwenye salio langu. Anataka kulichukua gari leo. Nimpe?

Usimpe bado. Hizo hela benki yako imekutangulizia tu, kwa kukuamini wewe mteja wake. Benki ya mnunuzi huenda haijalipa hata senti. Marekani, kwa mfano, sheria huzitaka benki kuruhusu hela za hundi nyingi za benki, yaani zile zinazotolewa na benki yenyewe, zitumike siku ya kazi inayofuata, lakini hundi ya kughushi inaweza kugundulika wiki kadhaa baadaye. Ikigundulika, benki inakata hela zake kwenye akaunti yako, na kama umeshazitumia, linabaki deni lako.

Kwa hiyo ukifika kaunta usiulize, "Hela zimeingia?" Utajibiwa ndiyo, na jibu hilo ni la kweli. Uliza hivi: "Benki iliyotoa hundi imeshalipa? Inaweza kurudi tena bila kulipwa?" Wakikujibu kwamba bado, gari na kadi yake vibaki kwako, hata mnunuzi akinuna.

Mnunuzi wangu haleti hundi yake binafsi, analeta hundi ya benki. Si ni sawa na taslimu?

Ikiwa halali, ni malipo mazuri, kwa sababu anayedaiwa ni benki yenyewe. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wanapenda kughushi hundi za aina hiyo. Ukitaka kuhakikisha, usipige namba iliyochapishwa kwenye hundi. Atakayepokea anaweza kuwa mwenzake. Tafuta namba ya benki mwenyewe.

Wengine hukagua karatasi. Hundi iliyochanwa kwenye kitabu huwa na upande mmoja wenye vijino vidogo, unavisikia ukipitisha kidole. Ya kughushi mara nyingi ni laini pande zote nne. Ile mistari ya namba chini kabisa huchapwa kwa wino wenye sumaku, usiong'aa. Ni vizuri kuyajua hayo, lakini nakusihi usiuze gari kwa kutegemea kidole chako. Printa za siku hizi ni nzuri mno.

Njia ninayoiamini ni moja: nendeni wote wawili kwenye tawi la benki yake, saa za kazi, hundi iandikwe ukiona, itoke kwa karani iingie mkononi mwako. Au atume hela moja kwa moja kwenye akaunti yako na benki yako ikuthibitishie. Anayesisitiza kulipa Ijumaa jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, mwambie mtaonana Jumatatu.

Hundi imezidi bei tuliyokubaliana. Ananiomba kiasi kilichozidi nimtumie msafirishaji atakayekuja kulichukua gari.

Huo ni wizi. Msafirishaji hayupo, na huenda hata gari halitaki. Anachokitaka ni hizo hela "zilizozidi", ambazo zitatoka mfukoni mwako hundi itakaporudi. Usitume chochote.

Shikamoo. Mama anauza gari la marehemu baba. Mnunuzi ni mtu wa heshima, ametuonyesha kitambulisho cha kazi, na mama anaona aibu kumwambia asubiri. Tumsaidieje?

Marahaba, na poleni kwa msiba. Naielewa sana aibu ya mama, kwa sababu ndiyo mlango wanaopitia hawa watu.

Uingereza kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1971, mbele ya Jaji Lord Denning. Mwanafunzi mmoja alikuwa anauza gari lake aina ya Austin Cooper kwa pauni 450. Akaja mtu aliyejifanya Richard Greene, mwigizaji aliyejulikana sana kwa kuigiza kama Robin Hood kwenye televisheni. Akaandika hundi, akataka aondoke na gari papo hapo. Mwanafunzi akasita, akaomba uthibitisho. Yule mtu akatoa pasi ya studio za filamu za Pinewood, yenye picha yake na muhuri. Mwanafunzi akaridhika, akamkabidhi gari na nyaraka. Hundi ilitoka kwenye kitabu kilichoibwa.

Tapeli alishaliuza gari kwa mtu mwingine, aliyelinunua kwa nia njema kwa pauni 200. Mahakama iliamua libaki kwa huyo. Mwanafunzi alikosa gari, akakosa na hela.

Mwambieni mama kwamba kitambulisho hakilipi. Kama kusema hapana kunamwia vigumu, mmoja wenu aongee kwa niaba yake.

Hundi imedunda leo asubuhi, na gari limeshaondoka.

Pole sana. Usikae kumpigia simu mnunuzi kutwa nzima. Nenda polisi sasa hivi. Kesi nyingine ya Uingereza ilihusu Jaguar iliyouzwa Januari 1960. Hundi ilikataliwa kesho yake, na muuzaji siku hiyohiyo akaenda polisi na kwenye chama cha wenye magari, akaomba litafutwe. Mahakama ilisema kitendo hicho kilitosha kuvunja mauzo, ingawa tapeli mwenyewe hakupatikana kuambiwa. Gari liliuzwa tena siku chache baadaye, lakini haki ya muuzaji wa kwanza haikupotea. Sheria za nchi yako zinaweza kutofautiana, ila haraka haijawahi kumdhuru mwenye gari.

Kutoka polisi, nenda kwenye mamlaka ya usajili ukaombe umiliki usihamishwe, kisha kampuni ya bima. Hundi, bahasha yake na jumbe zote za simu usizifute wala kuzikunja. Zitie kwenye mfuko safi, uende nazo.