Mume amemkaba shingo, wazee wanataka suluhu Jumamosi: mhudumu wa kesi afanye nini?

Swali

Shikamoo dada. Nimesomea ustawi wa jamii, na miezi michache iliyopita niliajiriwa na shirika linalohudumia manusura wa ukatili wa kijinsia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Wiki hii nimempokea mama wa Kikongo mwenye watoto watatu. Mumewe amempiga, mkono umevimba, na usiku huo alimkaba shingo mpaka akaishiwa nguvu. Si mara ya kwanza kumpiga. Mama hataki polisi kabisa. Mwenyekiti wa kijiji chao amepata habari, ameitisha kikao cha wazee Jumamosi ili wawasuluhishe, na ameniomba nihudhurie kama mtu wa shirika. Naogopa nikikataa nitaonekana nawadharau. Je, niende? Je, sheria inanilazimisha kuripoti polisi? Na habari yote hii niiandikeje kwenye faili?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako nitayajibu yote, ila kwanza turudi kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu. Umesema alimkaba shingo mpaka akaishiwa nguvu, halafu ukaendelea na habari za kikao. Hapo ndipo pa kuanzia, na ni leo, si Jumamosi.

Katika kazi hii kukabwa koo hakuhesabiwi pamoja na vipigo vingine. Utafiti uliofanywa Marekani kuhusu wanawake waliouawa na wenzi wao ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa yuko katika hatari kubwa mara kadhaa ya kuuawa na mwanamume huyohuyo. Mwili nao una hatari yake. Shingo inaweza isiwe na alama yoyote kwa nje, kumbe mshipa wa damu umeumia ndani, na mtu akapata kiharusi siku kadhaa baadaye. Muulize kwa upole: sauti imebadilika? Anameza kwa shida? Alipoteza fahamu, au alijikojolea? Kichwa kinamuuma? Ana mimba? Mtazame macho kama yana vidoa vyekundu vya damu. Kwa maelezo yako tayari kuna sababu ya kutosha ya kumpeleka kliniki, kwa hiyo usingoje majibu yote. Akikubali, msindikize wewe mwenyewe.

Mkiwa faragha, kabla hajaonana na mganga, muulize pia kama alilazimishwa tendo la ndoa. Wengi wetu tunaona haya kumuuliza hivyo mwanamke aliyeolewa, na haya hiyo inawagharimu wanawake afya yao. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na huduma hiyo haiulizi aliyemfanyia ni nani. Ni kweli kwamba kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hakihesabu kuwa ni ubakaji pale mume anapomlazimisha mke ambaye hawajatengana. Hilo linabana njia ya mahakama tu. Kliniki haihusiki nalo.

Mkiulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mweleze mhudumu wa afya kwamba mama bado hajaamua kuhusu polisi, na kwamba matibabu hayapaswi kusubiri fomu. Huo ndio msimamo wa Shirika la Afya Duniani. Kisha omba, kwa ridhaa ya mama, majeraha yaandikwe vizuri kwenye kumbukumbu za kliniki: yako wapi, yana ukubwa gani, yana rangi gani. Akibadili mawazo baada ya miezi miwili, uvimbe utakuwa umekwisha, na maandishi ya leo ndiyo yatakayomsaidia.

Hatari usiipime kwa kukisia. Uliza maswali ya wazi: kuna panga au silaha nyingine nyumbani? Amewahi kusema atamuua, au atajiua yeye? Vipigo vinazidi? Anamfuatilia kila aendako? Alimpiga akiwa na mimba? Kuna mtoto ambaye si wa mume huyu? Je, mume anajua kwamba mkewe anafikiria kuondoka? Hili la mwisho lina uzito mkubwa, maana siku za kuondoka, na wiki chache baada ya hapo, ndizo wanawake wengi huumizwa vibaya zaidi. Usimhimize mtu kuondoka kama hamjapanga ataondokaje.

Sasa hiyo Jumamosi. Usiende. Mwongozo wa pamoja wa mashirika kuhusu usimamizi wa kesi za ukatili wa kijinsia, uliotoka mwaka 2017, unasema wazi kwamba mhudumu wa kesi hafanyi usuluhishi, na sababu yake utaiona ukikifikiria kikao chenyewe. Mama atakaa mbele ya mumewe na wajomba wa mumewe. Ataulizwa alifanya nini mpaka akapigwa. Kila neno atakalosema, usiku atarudi nalo nyumbani. Mume ataomba radhi, atatozwa faini, pengine wataandikishana karatasi, na kuanzia hapo mama akilalamika tena ataambiwa mambo yalishakwisha. Wewe ukiwa umekaa pale na fulana ya shirika, kijiji kizima kitaelewa kwamba shirika nalo limebariki.

Kumkatalia mwenyekiti bila kumvunjia heshima kunawezekana, lakini angalia usije ukatoa siri katika kukataa kwenyewe. Ukimwambia "yule mama hayuko tayari", umeshathibitisha kwamba alifika ofisini kwako. Sema maneno ambayo ungeyasema kuhusu familia yoyote ile: "Mzee, nashukuru kwa kunishirikisha. Utaratibu wetu hauturuhusu kukaa kwenye vikao vya suluhu vya familia yoyote, wala kuzungumzia nani amefika kwetu na nani hajafika. Mkisikia kuna mtu yuko hatarini, tafadhali mwelekezeni kituoni, mlango uko wazi." Ishia hapo hata akikubana. Siku nyingine kabisa, mbali na kesi hii, omba nafasi ya kuzungumza na wazee wa vijiji vyote vya kanda ile, uwasomee kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nimewaona wazee wanaolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza na kulichukua kwa uzito.

Lakini je, kama mama mwenyewe anakitaka kikao? Hutokea, na usimwone mjinga. Ana hesabu zake: watoto, ndugu waliobaki Kivu Kusini, majirani atakaoendelea kuishi nao nyumba kwa nyumba. Mweleze hatari unazoziona, moja moja, kisha uamuzi uwe wake. Akiamua kwenda, mpange naye. Nani wa upande wake atakaa karibu naye? Mambo gani hatayasema mbele ya watu, hasa kwamba alikuja kwako na kwamba ameshatibiwa? Akiona mambo yanaharibika, atatumia kisingizio gani kuondoka? Na muhimu kuliko yote, usiku wa Jumamosi hiyo atalala wapi, na watoto watakuwa na nani? Kama hataki kwenda, ana udhuru wa matibabu, nao ni wa kweli.

Kuhusu polisi: mama ni mtu mzima, na kwa utaratibu wa usimamizi wa kesi huendi kuripoti polisi bila ridhaa yake; sheria yenyewe inasemaje, hakikisha na msimamizi wako. Utaratibu wa usiri una mipaka yake, hata hivyo. Maisha ya mtu yakiwa hatarini sasa hivi, yake au ya mwingine, unachukua hatua pamoja na msimamizi wako. Ukigundua mtoto anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa, na watoto watatu wanaolala nyumba ile lazima uwaulizie. Na ikiwa ni unyanyasaji wa kingono uliotendwa na mfanyakazi wa shirika la misaada, taratibu zilizowekwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2003, kufuatia kashfa ya wafanyakazi wa misaada waliowanyonya wakimbizi kingono Afrika Magharibi, zinataka jambo hilo lifikishwe kwenye ngazi husika. Mipaka hiyo anapaswa kuisikia kabla hajafungua kinywa kusimulia. Ukimwambia baada ya kusimulia, umemtega. Kama hukufanya hivyo, mkikutana tena anza na hilo.

Kisha muulize taratibu ni nini hasa anachokihofia kwa polisi, maana ukiishia kwenye "hataki" hujapata kitu cha kufanyia kazi. Kwa kawaida utasikia mambo ya maisha: mume akichukuliwa, nani ataleta kuni? Ndugu za mume watanifanya nini? Faili letu la kwenda nchi ya tatu, yaani kuhamia nje ya Kongo na Tanzania, litasimamishwa? Kila hofu ina mtu wa kuijibu. Mwambie pia ukweli kuhusu njia yenyewe: kwamba kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika polisi, na kwamba shauri likifika mahakamani Kasulu atahitaji kibali kila anapotoka kambini, na mtu wa kubaki na watoto. Usimpambie. Mtu huamua vizuri akijua anachokiendea.

Nikae kidogo kwenye kadi ya chakula, kwa sababu hukuitaja na ndiyo inayowarudisha wanawake wengi kwa waume wanaowapiga. Ikiwa familia imeandikishwa pamoja na mume ndiye mkuu wa kaya, mama akihamia kwa dada yake leo, mgao wa watu watano bado unapokelewa na mume. Atakula nini? Kutenganisha kadi kunapitia uandikishaji wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wewe ukimwelekeza huko kwa ridhaa yake, na kunafanyika. Shida iko kwenye siku. Mume akifika kwenye kituo cha ugawaji akakuta idadi ya watu kwenye kadi imepungua kutoka watano hadi mmoja, atajua pale pale, mbele ya foleni, na atatoka pale na hasira kumtafuta mkewe. Kwa hiyo ulizia tarehe ya mgao ujao kabla hujapeleka ombi, na hakikisha siku hiyo mama na watoto wako mahali ambapo mume hapajui. Waombe wenzako wa uandikishaji wasimwite mume kumuuliza. Unapomwelekeza huko, waambie tu kwamba kuna suala la ulinzi linalohitaji kadi itenganishwe. Habari ya koo haiwahusu. Faili la kwenda nchi ya tatu nalo hutenganishwa kwa njia kama hiyo, na kina mama wengi hawajui kwamba kumwacha mume hakuwafutii nafasi yao.

Mpango wa usalama mfanye naye kwa maneno, usimpe karatasi wala kipeperushi cha kwenda nacho nyumbani. Jirani gani atasikia akipiga kelele, na watakubaliana ishara gani? Vitambulisho vyake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko wapi, na vinaweza kuhifadhiwa kwa nani? Usimtembelee nyumbani, maana gari la shirika likisimama mlangoni kijiji kizima kimejua. Simu usipige mpaka uwe na uhakika nani anaishika. Siku ya kliniki ya watoto ni nafasi nzuri ya kukutana bila kuulizwa. Wakumbuke pia wenzako wakimbizi wanaofanya kazi kwa posho: wanaishi mtaa mmoja na huyo mume, kwa hiyo wasipewe jukumu la kumsindikiza mama mbele za watu. Na kama mtahitaji mkalimani wa Kibembe, mama ndiye aseme nani anafaa, kwa kuwa pale watu wana undugu usioujua.

Faili: weka namba badala ya jina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kabati jingine lenye kufuli. Fomu ya ridhaa nayo isikae pamoja na maelezo. Andika alivyosema yeye, kwa maneno yake, kwenye alama za nukuu: "alinikaba kwa mikono miwili nikaona giza". Usiandike "anadai", wala "inaonekana ni mgomvi". Wewe huchunguzi kesi, wala huhukumu. Andika hatari ulizozikuta, mlichokubaliana, nani atafanya nini na lini. Wewe na msimamizi wako mnaweza kuijadili kesi bila jina. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi usiiweke kamwe, hata kwa mafumbo: mama wa Kikongo, watoto watatu, kikao Jumamosi, watu wameshamjua.

Huenda baada ya haya yote akarudi kwa mumewe. Mpokee vilevile akija tena, bila uso wa kumlaumu, na usilifunge faili kwa sababu hiyo. Faili linafungwa pale mnapokaa pamoja mkaona yale mliyoyapanga yametekelezwa na yeye mwenyewe ameridhika. Akirudi nyumbani, mpango wa usalama mnaupitia upya kwa kuzingatia kwamba sasa yumo ndani, na panga tarehe ya kuonana tena isiyozidi wiki moja. Kwa hatari ya namna hii mimi ningetaka kumwona siku mbili baada ya kikao, Jumatatu asubuhi, kliniki, kwa kisingizio cha kuangaliwa ule mkono.