Unaanza mieleka ya Kijapani? Anzia Juni 9, 1995

Wanaoanza kufuatilia mieleka ya Kijapani huniuliza sana waanzie wapi. Jibu langu halijawahi kubadilika: Juni 9, 1995, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi wanatetea mikanda ya ubingwa wa timu za watu wawili ya All Japan, kampuni ya mieleka, dhidi ya Toshiaki Kawada na Akira Taue. Pambano linapita dakika 40, kwa hiyo tenga muda na achana na vile vipande vifupi vya mitandaoni. Humo utaona watu wakibwagwa tu, usijue kwa nini ukumbi mzima umesimama.

Kabla hujabonyeza, jua wanavyodaiana. Misawa na Kawada walisoma sekondari moja, wakapigana upande mmoja hadi 1993, Kawada alipojitenga na kuungana na Taue, ambaye zamani walikuwa hawaivi. Hadi siku ya pambano hili Kawada hajawahi kumbana Misawa mabega chini hadi hesabu ya tatu, yaani kumshinda. Aprili ya mwaka huo huo wa 1995, kwenye mashindano ya Champion Carnival, Kawada alimvunja Misawa mfupa wa jicho, na bado Misawa akashinda mashindano yale. Januari timu hizi mbili zilimaliza dakika 60 kwa sare. Na siku hii ya Juni Kobashi anapanda ulingoni na mguu mbovu.

Huo mguu ndio somo lenyewe. Mgeni huwakodolea macho wawili wanaopigana. Wewe mtazame na aliye nje ya kamba. Mwamuzi wa Kijapani ni mvumilivu, mwenzako akibanwa unaruhusiwa kuingia kuvunja hesabu. Maana yake humpati Misawa kabla hujamwondoa Kobashi. Kawada na Taue wanalijua hilo, ndiyo maana kila wakipata nafasi wanarudi kwenye mguu ule ule. Ukiona wanaushambulia dakika ambayo haionekani kuwa na faida yoyote, usiruke mbele. Wanajenga dakika ya 40.

Inafika. Misawa yuko chini hoi, Kobashi hawezi hata kusimama. Anajiburuta, anamlalia mwenzake na kumkinga kwa mwili wake mwenyewe. Mguu wa kupigania hana, amebakiwa na mgongo. Sijaona bingwa mwingine akijitetea hivyo. Kawada na Taue hawana huruma, wanamng'oa, na mwishowe Kawada anambwaga Misawa kwa pawabomu, yaani kumnyanyua juu na kumtupa chini kwa mgongo, na kumbana. Moja, mbili, tatu.

Utaambiwa matokeo yalipangwa. Ndiyo yalipangwa, kila mtu anajua, lakini mgongo ukitua kwenye ulingo hauulizi nani kapanga. Misawa huyo huyo, mmoja wa mafundi wakubwa wa kuanguka, alifariki Hiroshima Juni 13, 2009, baada ya kubwagwa katika pambano la timu. Kwa hiyo ninyi mnaojaribu mitindo hii kwenye magodoro ya nyumbani, acheni. Wanagenzi wa Japani hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kumbwaga mtu.

Ukilimaliza, litazame tena siku nyingine bila kumfuata Misawa kabisa. Mfuate Taue, ambaye wageni wengi humdharau. Kisha nenda fainali ya ligi ya timu ya All Japan ya Desemba 6, 1996, Kawada na Taue tena, safari hii Misawa akiwa na kijana Jun Akiyama.