Minimal tekno: kabla hujasema ngoma imekwama

Siku ya kwanza nilipoweka minimal tekno, muziki wa mashine wenye sauti chache mno zinazojirudia, sebuleni, mdogo wangu alichungulia mlangoni akauliza, "Kaka, hiyo simu imekwama?" Sikumlaumu. Tulikuwa dakika ya nne na kilichosikika ni kiki (dundo zito la ngoma kubwa), haihati (mlio mkali wa matoazi), na kitu kingine kinadondoka kama tone la maji kwenye sufuria. Mimi mwenyewe niliwahi kuifuta ngoma hiyohiyo nikidhani faili ni bovu.

Sisi masikio yetu yamelelewa na singeli, midundo 200 na ushee kwa dakika, MC hata pumzi havuti. Ukitoka huko ukakutana na muziki wa midundo 130 hivi, hauna mwimbaji wala kiitikio, lazima uone umepunjwa. Kwa hiyo la kwanza kabisa: usiusikilizie kwenye spika ya simu. Spika ile haina besi, na nusu ya muziki huu inaishi kwenye besi. Nilihangaika miezi miwili na ganda la muwa, kumbe utamu sijaufikia. Azima hata hedifoni za kufunika masikio, kaa dakika nane, usiruke mbele.

La pili, jua muziki huu ulikotoka, maana mimi niliudhani ni muziki wa wavivu. Tekno ni ya Detroit, Marekani, kazi ya vijana Weusi wa miaka ya 1980 kina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ilipofika Ulaya ikaingia kwenye mikesha ya reivu, na kila mwaka kasi ikapanda, makelele yakaongezeka. Robert Hood, mtoto wa Detroit aliyekuwa kwenye kundi la Underground Resistance na Jeff Mills na Mike Banks, akaona roho ya muziki inapotea humo. Akaanza kuuvua nguo moja moja. Mwaka 1994 akatoa Minimal Nation kupitia Axis, lebo ya Mills, na mwaka huohuo Internal Empire kupitia Tresor ya Berlin. Ukizisikiliza leo hazina kitu cha kupunguza. (Hood baadaye akawa mchungaji, na sikushangaa.)

Ng'ambo ya mto, Windsor upande wa Kanada, Richie Hawtin alikuwa akifanya yake kwa jina la Plastikman. Berlin nako Moritz von Oswald na Mark Ernestus, waliojiita Basic Channel, walichukua tekno ya Detroit wakaitumbukiza kwenye mwangwi wa dabu, tawi la rege la Jamaika, hadi ikawa kama ukungu. Anza na Hood, kisha Hawtin na Basic Channel. Mimi nilianzia mwisho, kwa Ricardo Villalobos, Mchile aliyekulia Ujerumani, na ngoma yake ya 2006 yenye dakika 37 na matarumbeta ya Balkani. Nililala.

Ila kilichonifungua masikio ni kujaribu kuitengeneza.

Mashine ya midundo inayotajwa sana humu ni Roland TR-909, iliyotoka Japani mwaka 1983. Haikuuzika, ikaacha kutengenezwa mapema, ikaishia kuuzwa kama mtumba kwa bei ambayo kijana wa Detroit aliimudu. Inagawa kipimo kimoja (midundo minne) hatua 16: kiki unaiweka ya 1, 5, 9 na 13, na haihati ya wazi katikati yake, ya 3, 7, 11 na 15. Mimi sina 909, nina laptopu ya kuazima na programu ya bure, lakini hesabu ni ileile.

Ngoma yangu ya kwanza ilikuwa na sauti 22. Nilijivunia. Rafiki yangu mmoja prodyuza akakaa kwenye kiti changu, hakusema kitu, akaanza kuzima sauti moja baada ya nyingine huku ngoma inacheza. Kila akizima ananiangalia. Nikishtuka, anairudisha, nisiposhtuka, anaifuta. Zikabaki tano. Halafu akashika ile haihati ya wazi, akawa anaurefusha mkia wake, yaani mlio unaobaki baada ya kugongwa, taratibu, kwa unywele, dakika mbili nzima. Hakuna alichoongeza, lakini mguu wangu ulishaanza kugonga sakafu, na alipoufupisha mkia ghafla nilihisi kama mtu amefungua dirisha.

Kwa hiyo ukitaka kutengeneza, jipe sauti tano, si zaidi, na uchague kimoja tu cha kubadilika. Hicho kibadilishe polepole kuliko unavyodhani inatosha. Nikisikiliza kazi zangu za mwanzo naona nilikuwa na haraka: kila baada ya sekunde 15 naleta kitu kipya kama mwenye nyumba anayeogopa wageni wataondoka.

Na mahali pa kuipiga pachague vizuri. Mwaka jana nilipewa nusu saa kwenye sendofu ya binamu, nikajitia ujasiri. Watu waliacha kula. Dakika ya tatu mama mdogo akaja mpaka kwenye meza ya mitambo, akaniinamia sikioni, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumesubiri. Sasa weka wimbo."